Sassicaia na mtego wa lebo za mvinyo wa Italia

Mwaka 1978 jarida la mvinyo la Decanter liliwakusanya waonjaji jijini London, likawawekea mezani mvinyo wa aina 33 kutoka nchi 11, wote wa zabibu nyekundu za Cabernet. Bordeaux ndiko zabibu hizo zilikojengewa jina, kwa hiyo macho yalikuwa kwa Wafaransa. Ushindi ukachukuliwa na Mwitaliano: Sassicaia ya mwaka 1972, kutoka Bolgheri, kijiji cha pwani ya Toscana ambacho hata Italia kwenyewe hakikujulikana kwa mvinyo mwekundu wa maana. Na kwenye lebo ya chupa hiyo palikuwa na maneno matatu, vino da tavola, mvinyo wa mezani, ambayo kisheria yaliiweka daraja moja na mvinyo unaomiminwa kwa jagi katika migahawa ya madereva wa malori.

Maelezo yanayosimuliwa kila mahali ni kwamba familia tajiri ilizichoka sheria za mvinyo, ikaasi, ikatengeneza wa kwake na ikashinda. Hadithi inanoga. Tatizo lake ni kwamba imechanganya chupa mbili za familia mbili, na anayeishika hivyo ataendelea kuzisoma lebo za Italia bila kuzielewa. Sassicaia haikuasi sheria yoyote. Pale ilipopandwa hapakuwa na sheria ya kuasi.

Herufi zinazowachanganya watu

Italia ilipata sheria yake ya majina ya mvinyo tarehe 12 Julai 1963. Ndiyo iliyozaa herufi DOC, Denominazione di Origine Controllata, yaani jina la asili linalodhibitiwa. Kila DOC ina waraka wa masharti unaoitwa disciplinare. Humo imeandikwa mipaka ya eneo, aina za zabibu na uwiano wake, uzito wa juu wa mavuno kwa kila hekta, na muda ambao mvinyo lazima ukae kabla haujauzwa. Vernaccia di San Gimignano, mvinyo mweupe wa Toscana hiyo hiyo, ulikuwa wa kwanza kupata hadhi hiyo mwaka 1966. Baadaye juu ya DOC ikawekwa DOCG, ile G ikiwa ya garantita, kwamba sasa jina halidhibitiwi tu bali limehakikishwa. Hiyo ilianza kutolewa 1980, na waliotangulia walikuwa wazito: Barolo, Barbaresco, Brunello di Montalcino, Vino Nobile di Montepulciano.

Ukiyapitia masharti hayo kuna kitu utakitafuta usikione: hakuna kipengele kinachosema mvinyo uwe mzuri. Siku hizi iko tume ya waonjaji inayoupima kabla ya kuupa jina, lakini swali lake ni kama mvinyo unafanana na wenzake wa eneo lile, na kama hauna kasoro. Haiulizi kama unamshinda wa jirani. DOC ni ahadi kwamba zabibu zimetoka mahali fulani na zimetendewa kwa namna fulani. Basi. Mnunuzi anayeichukulia kama alama za mtihani anajidanganya mwenyewe, ingawa wauzaji hawana haraka ya kumrekebisha.

Chianti, mvinyo mwekundu wa Toscana, inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote. Mwaka 1872 Baron Bettino Ricasoli, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, alimwandikia profesa mmoja wa Pisa kumweleza mchanganyiko aliouona unafaa baada ya majaribio ya miaka mingi. Zabibu nyekundu za Sangiovese ziwe uti wa mgongo, nyekundu nyingine za Canaiolo zilainishe, na zabibu nyeupe za Malvasia zitiwe kidogo kwa mvinyo wa kunywewa mapema. Kwa mvinyo wa kuhifadhiwa, aliandika, hiyo nyeupe inaweza kuachwa. Yalikuwa mawazo ya mkulima makini, yenye nafasi ya kuchagua. DOC ya Chianti ilipokuja mwaka 1967, hiari ile ikageuzwa amri: kila Chianti lazima iwe na zabibu nyeupe, kati ya asilimia 10 na 30. Wakulima waliokuwa na nyeupe tele mashambani walifurahi. Mvinyo ukawa mwepesi, ukapauka, ukauzwa katika zile chupa za tumbo pana zilizovikwa kikapu ambazo watalii walizigeuza vinara vya mishumaa.

Mwasi basi ndiye huyu: Piero Antinori wa Firenze, ambaye ukoo wake uko katika biashara ya mvinyo tangu 1385. Shamba lake la Tignanello liko ndani ya Chianti Classico, kitovu cha zamani cha eneo la Chianti, kwa hiyo alikuwa na haki zote za kulitumia jina hilo, na mavuno ya 1970 aliyauza kwa jina hilo. Mavuno ya 1971 akayatoa kama vino da tavola, kwa jina la shamba tu, na kufikia 1975 zabibu nyeupe zilikuwa zimeondolewa kabisa. Huku ndiko kuasi. Alikuwa na cheo mkononi akakirudisha kwa sababu masharti yake yaliharibu kinywaji. Sheria ilihitaji miaka zaidi ya thelathini kumfikia: zabibu nyeupe zilipigwa marufuku katika Chianti Classico kuanzia mavuno ya 2006.

Bolgheri hali ilikuwa tofauti. Hapakuwa na DOC ya kukataa. Eneo lile lilikuwa la matunda, mboga, nafaka na mifugo, na kwa karne nyingi sehemu kubwa ya pwani hiyo, Maremma, ilikuwa kinamasi chenye malaria ambacho watu walikikimbia wakati wa kiangazi. Kama mvinyo hauna jina la eneo, kisheria unabaki wa mezani, uwe mtamu kama nini. Kwa hiyo maneno yale matatu kwenye lebo ya Sassicaia hayakuwa ujumbe wa kisiasa. Yalikuwa sehemu pekee iliyokuwapo ya kujaza kwenye fomu.

Bwana wa farasi

Aliyeupanda mzabibu huo hakuwa mfanyabiashara wa mvinyo. Mario Incisa della Rocchetta, aliyezaliwa 1899, alikuwa mtu wa ukoo wenye cheo cha markizi kutoka Piemonte, kaskazini mwa Italia, na jina lake lilivuma kwanza kwa farasi. Alishirikiana na mfugaji wa farasi Federico Tesio katika zizi la Dormello-Olgiata, lililomtoa Ribot, farasi aliyekimbia mbio 16 na kushinda zote 16, zikiwamo Prix de l'Arc de Triomphe za Paris mwaka 1955 na 1956. Ninaitaja habari ya farasi kwa makusudi. Mtu aliyezoea kupandisha farasi huwaza kwa vizazi: nasaba ipi ikutane na ipi, kwenye malisho gani, na matokeo yataonekana baada ya miaka mingapi. Mzabibu nao hautaki mtu mwenye haraka.

Mario alisomea kilimo Pisa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Katika barua aliyomwandikia mwandishi wa mvinyo Luigi Veronelli mwaka 1974, alieleza kwamba wazo lilimwingia enzi hizo za uanafunzi. Alikuwa akialikwa kwa makabaila wa ukoo wa Salviati huko Migliarino, na huko alikunywa mvinyo kutoka shamba lao la mlimani Vecchiano uliokuwa na harufu ile ile ya Bordeaux ya miaka mingi. Bordeaux ndiyo iliyokuwa kipenzi cha matajiri wa Italia wakati huo. Mvinyo wa nyumbani ulikuwa wa wakulima. Akajiuliza kwa nini harufu hiyo isipatikane hapo hapo.

Mwaka 1930 akamwoa Clarice della Gherardesca. Ukoo wa bibi huyu ulikuwa na ardhi kwenye pwani ya Bolgheri tangu Zama za Kati, na kwa ndoa hiyo shamba la San Guido likaja mikononi mwao: eneo la takriban hekta 2,500 linaloanzia ufukweni na kupanda hadi kwenye vilima. Mwaka 1944, vita vikiendelea, Mario alichukua vipandikizi vya Cabernet Sauvignon na Cabernet Franc kutoka kwa Salviati, akavipanda kwenye kipande kidogo huko Castiglioncello di Bolgheri, mita zipatazo 350 juu ya usawa wa bahari. Alipanda juu kwa sababu wenyeji waliamini kuwa zabibu za karibu na bahari haziwezi kutoa mvinyo wa heshima.

Matokeo ya kwanza yalikuwa aibu. Jamaa na marafiki waliozoea Sangiovese nyepesi waliona kinywaji kile kigumu, kikali, hakinyweki. Kuanzia 1948 hadi 1967 kilibaki nyumbani tu, cha kunywewa shambani. Lakini chupa zilizosahauliwa ghalani zilipofunguliwa baada ya miaka, mambo yalikuwa mengine: ule ukali ulikuwa umetulia na chini yake palikuwa na mvinyo wa kina.

Hapa ndipo neno "familia" lina uzito wa kweli katika habari hii. Siku hizi chupa nyingi hupigwa chapa ya mvinyo wa familia, kana kwamba undugu wenyewe ni kiungo. Familia huweza kurithi shamba na kulimaliza kwa kesi za mirathi, tumeyaona. Kilichofanya kazi San Guido ni vitu vitatu vinavyoshikika. Ardhi ilikuwa yao tayari, kwa hiyo hapakuwa na benki ya kuuliza mavuno ya mwaka huu yataingiza kiasi gani. Mapato yalitoka kwingine. Na mwenye shamba aliweza kukosea kwa miaka ishirini bila mteja hata mmoja kujua. Kampuni yenye wanahisa ingelikata shamba lile mwaka wa tano, na kwa hesabu zake ingekuwa sahihi.

Kitu cha nne kilitoka ukweni. Dada yake Clarice, Carlotta, aliolewa na Niccolò Antinori, na mtoto wao ni yule yule Piero wa Tignanello. Nicolò Incisa, mwana wa Mario, na Piero Antinori ni watoto wa dada wawili. Kwa hesabu ya kwetu hao ni ndugu, mambo ya binamu hayapo. Nicolò na Piero ndio waliomshawishi mzee auze. Antinori walikuwa na mtandao wa wauzaji, na walikuwa na Giacomo Tachis, mtaalamu wao wa kutengeneza mvinyo, ambaye naye alikuwa akipokea ushauri wa Profesa Émile Peynaud wa Bordeaux. Tachis alileta nidhamu ya vipimo na usafi ambayo kazi ya mapenzi haikuwa nayo. Mavuno ya 1968 yakawa ya kwanza kuuzwa, yakaingia sokoni 1971. Tangu hapo familia mbili zimekuwa zikitajwa kwa pumzi moja, na ndiyo asili ya watu kuzichanganya.

Kilichomo ndani ya chupa

Sassicaia ni Cabernet Sauvignon kwa takriban asilimia 85, na 15 zinazobaki ni Cabernet Franc. Ili kuelewa kwa nini jamaa za Mario waliukunjia uso, inabidi kujua mvinyo mwekundu unatokeaje.

Juisi ya karibu zabibu zote, hata nyeusi, haina rangi. Wekundu uko kwenye ganda. Zabibu zikishapondwa, juisi na maganda huachwa pamoja kwenye tangi wakati chachu inageuza sukari kuwa kileo, na katika siku hizo, ambazo huweza kufika wiki mbili au zaidi, kileo na joto huinyonya rangi kutoka kwenye ganda. Pamoja na rangi hutoka tanini, zile kemikali zinazoleta ukakasi mdomoni, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi. Cabernet Sauvignon ina tunda dogo, ganda nene na kokwa kubwa ukilinganisha na maji yake; tanini zake ni nyingi kuliko za Sangiovese nyepesi ya watani wa Mario. Mvinyo wa namna hiyo ukinywewa mchanga unakaba ulimi.

Dawa yake ni muda na hewa kidogo kidogo. Sassicaia hukaa takriban miaka miwili katika mapipa madogo ya mwaloni wa Kifaransa yenye ujazo wa lita 225, yanayotosha chupa 300. Mbao za pipa hupitisha oksijeni kidogo sana, na oksijeni hiyo inazisaidia tanini kuungana na kulainika. Pipa nalo huchangia harufu yake: viungo, moshi hafifu, mbao. Udogo una maana, kwa sababu katika pipa dogo sehemu kubwa zaidi ya mvinyo inagusana na mbao kuliko katika mapipa makubwa ya zamani ya Toscana. Kisha chupani kazi inaendelea polepole, miaka kumi, ishirini, katika mavuno mazuri hata zaidi.

Kuhusu ardhi, wenyeji walikuwa wamekosea kwa bahati njema. Sehemu za shamba zina mawe mengi (jina Sassicaia lenyewe limetoka huko), maji hupita haraka, na mizizi inalazimika kwenda chini kuyafuata. Hilo hulipunguzia tunda unyevunyevu na kulikoleza. Vilima vya nyuma hukinga upepo wa baridi wa bara, na bahari hupoza mchana na kuzuia baridi kali za usiku. Familia ilipoanza kupanda chini zaidi, karibu na bahari kuliko Castiglioncello, ile imani ya zamani ilianguka yenyewe.

Neno moja kuhusu mwaka unaoandikwa kwenye chupa. Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, msimu mmoja ukikataa mkulima ana mwingine wa kumfuta machozi. Bolgheri mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja tu. Mvua ya wiki moja mwezi Septemba ikija vibaya, mwaka mzima umeharibika, hakuna marudio. Ndiyo maana 1985 hutajwa kwa heshima ya pekee kati ya wapenzi wa Sassicaia: mkosoaji wa Marekani Robert Parker aliupa mvinyo wa mwaka huo alama 100 kati ya 100.

Sheria inakimbilia kiwanjani

Baada ya London, kila mwenye kilima Toscana alitaka Cabernet. Lodovico Antinori, mdogo wake Piero, alianzisha Ornellaia jirani na San Guido mwaka 1981. Piero mwenyewe tayari alikuwa na Solaia, iliyoanza na mavuno ya 1978. Waandishi wa Kiingereza wakazikusanya chupa hizi zote chini ya jina la utani, Super Tuscan, ambalo halipo katika sheria yoyote na limefanya madhara kiasi: limewatia kapu moja walioasi, waliokosa jina, na waliofuata upepo.

Serikali ikawa na fedheha ya kila siku. Baadhi ya mvinyo ghali zaidi nchini ulikuwa kwenye daraja la chini kabisa, na daraja hilo hilo ndilo lililobeba mvinyo wa ovyo. Mwaka 1986 fedheha ikawa msiba. Mvinyo wa bei ya kutupa, ulioongezwa methanoli ili kupandisha kiwango cha kileo kwa gharama ndogo, uliua watu 23 nchini Italia. Sumu ni ile ile iliyoua watu Kenya kwenye chang'aa. Mauzo ya nje yalianguka, na ghafla swali la nani anadhibiti nini halikuwa tena la wapenda anasa.

Sheria mpya, namba 164, ikapita mwaka 1992 na ikabandikwa jina la Giovanni Goria, waziri wa kilimo. Iliongeza daraja katikati: IGT, Indicazione Geografica Tipica. IGT inataja eneo pana, kwa mfano Toscana nzima, na inamruhusu mkulima achague zabibu na njia kwa uhuru mkubwa. Wengi waliokuwa wamekwama kwenye mvinyo wa mezani wakahamia hapo, Tignanello ikiwamo. Tangu 2009 Umoja wa Ulaya una lugha yake juu ya haya yote: DOC na DOCG huhesabiwa kama DOP, jina la asili linalolindwa, IGT kama IGP, alama ya eneo inayolindwa, na chini kabisa imebaki vino tu, ambayo hairuhusiwi kutaja eneo ilikotoka zaidi ya nchi. Waitaliano wameruhusiwa kuendelea na herufi zao za zamani, na wengi wamefanya hivyo.

Na Bolgheri? Kichekesho kiko hapa. Bolgheri ilipewa DOC mwaka 1983, lakini kwa mvinyo mweupe na wa waridi pekee. Mvinyo mwekundu uliokuwa umeshaishinda dunia miaka mitano nyuma haukutajwa. Nyekundu iliingizwa 1994, na humo Sassicaia ikatengewa kijieneo chake. Mwaka 2013 ikapandishwa kuwa DOC kamili inayojitegemea, Bolgheri Sassicaia. Ardhi yote ya DOC hiyo ni ya mmiliki mmoja, jambo lililo nadra mno Italia, ambako DOC ya kawaida hugawanywa na mamia ya wakulima.

Ukisoma masharti ya DOC hii utaona kilichotokea: angalau asilimia 80 iwe Cabernet Sauvignon, ikae miezi isiyopungua 18 kwenye mapipa ya lita 225. Ni mazoea ya shamba moja yaliyonakiliwa na kupigwa mhuri wa Jamhuri. Wapo wanaoona huu ni upendeleo kwa wenye majina. Mimi naona hoja yao ina nguvu katika kanuni na ni dhaifu katika tukio hili, kwa sababu hakuna jirani aliyenyang'anywa chochote: wengine wa Bolgheri wana DOC yao ya Bolgheri, na jina Sassicaia ni familia iliyolipa sifa. Ila tusidanganyane kuhusu kilicholindwa. Kimelindwa jina. Ukija mwaka wa mvua mbaya, kilichomo chupani bado ni Bolgheri Sassicaia DOC.

Kwa anayesimama mbele ya rafu, funzo la darasa hili la herufi ni fupi. Masseto, iliyozaliwa katika shamba la Ornellaia, kilomita chache tu kutoka San Guido, ni IGT Toscana, na bei yake inaiacha Sassicaia mbali. Chianti ya kawaida ya supamaketi ni DOCG, herufi nne zote, na unaweza kuipata kwa bei ya chakula cha mchana. San Guido wenyewe wanatoa chupa nyingine mbili chini ya ile kubwa: Guidalberto, ya Cabernet Sauvignon na Merlot, iliyoanza na mavuno ya 2000, na Le Difese, ambamo Cabernet Sauvignon imechanganywa na Sangiovese, iliyoanza 2002. Zote mbili ni IGT Toscana. Mikono ni ile ile, herufi tofauti, na tofauti hiyo inatokana na mchanganyiko na mahali zabibu zilipotoka. Cheo cha familia hakimo katika hesabu.

Chupa ambayo lebo haiwezi kuisemea

Sassicaia inayoingia sokoni leo mara nyingi huvuka euro 200, na bei ya namna hiyo ina wageni wake. Mwezi Oktoba 2020 polisi wa fedha wa Italia, Guardia di Finanza, walitangaza kuuvunja mtandao uliokuwa ukighushi mavuno ya 2010 hadi 2015. Mvinyo wenyewe ulitoka Sicilia, chupa zilitoka Uturuki, na lebo, vifuniko na makasha vilichapwa Bulgaria kwa ustadi mkubwa. Biashara yao ilikadiriwa kufikia takriban kasha 700 kwa mwezi, kwa bei iliyo chini ya soko kwa karibu asilimia 70. Wateja walikuwa wakitafutwa mbali, Asia na Urusi, ambako mnunuzi hana njia rahisi ya kulinganisha. Nyota iliyochorwa kwenye lebo, yenye miale minane kwenye duara la bluu, inaigika kama nembo nyingine yoyote. Bei ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele kwamba kuna kasoro.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Dubai, hata hivyo, hatari ya karibu zaidi ni joto. Mvinyo wa kuhifadhiwa unataka nyuzi 12 hadi 16, giza, na utulivu. Chupa halisi kabisa, yenye kila mhuri, ikikaa miezi mitatu kwenye rafu inayopigwa na jua la saa tisa, au kwenye kontena lililosubiri bandarini, inapikika ndani kwa ndani. Harufu ya tunda huondoka, inabaki ya jamu iliyoungua, na pengine kizibo kinasukumwa nje kidogo na mvinyo unapenya pembeni.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji chupa imeingia lini na imekaa wapi. Ishike shingoni, uone kama mvinyo umeshuka chini kuliko ulivyo kwenye chupa nyingine za mwaka ule ule. Pitisha kidole juu ya kifuniko: kama kimevimba au kina utandu unaonata, irudishe. Na kama ni mara yako ya kwanza, anza na Le Difese. Hiyo imetengenezwa inyweke ikiwa changa, wakati Sassicaia ya mavuno ya karibuni itakupa ule ule ukakasi uliowakimbiza jamaa za Mario, kwa bei mara nyingi zaidi.